Unyevu wa mwanamke una kazi yake



Wiki iliyopita tuliongea juu ya watoto wanaolala darasani. Wengi mliniambia mmeanza kuzima redio mapema kusudi watoto walale. Aksanti sana. Wiki hii naleta jambo ambalo hatuliongei hata tukiwa sisi kwa sisi, tumekaa chini tunachambua sombe. Mama ambaye anasomewa karatasi hii na mtoto wake, usiogope, mwache asome. Hakuna neno baya ndani.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja, msichana wa miaka 12, aliniomba nimtoe kwenye benchi ya mbele. Nilifikiri haoni ubao vizuri, kumbe hakutaka watu wakae nyuma yake. Kila nilipomwita kwenye ubao alifunga sweta kiunoni, hata jua likiwa kali. Kisha akaanza kukosa masomo, siku moja, siku mbili, wiki nzima. Nilimwita mama yake.

Mama alikuja, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini: «Mwalimu, mtoto ameanza uchafu. Hajapata hata hedhi yake ya kwanza, lakini nguo yake ya ndani kila siku ina alama. Nilimchapa kusudi aseme ni kijana gani. Anakataa tu.» Akaniambia pia kwamba anamwosha kila jioni kwa maji ya chumvi na ndimu, na kwamba mtoto analia wakati wa kukojoa.

Nimewaomba ruhusa wote wawili kuandika jambo hili. Walikubali, kwa sharti nisitaje jina wala shule.

Wamama, yule mtoto hakuwa na kosa lolote. Hakuwa na ugonjwa, na hakuwa amekutana na mwanaume. Alichapwa juu ya kitu ambacho mwili wa kila msichana hufanya. Na mama yake si mama mbaya, kwani alimfanyia mtoto lile ambalo shangazi yake alimfanyia yeye. Ndiyo sababu ninaandika.

Mimi pia nilificha

Sitaki kuwafundisha kama mtu aliyezaliwa anajua. Nilipokuwa mwanafunzi kwenye taasisi ya ualimu, tulikuwa wasichana wanne katika chumba kimoja. Nilifua nguo zangu za ndani usiku, wengine wakiwa wamelala, na nilizianika chini ya godoro. Hazikukauka vizuri hata siku moja. Nilizivaa zikiwa na ubichi, nikawashwa, nikafikiri kuwashwa ni dalili kwamba ninanuka, basi nikaongeza sabuni, tena ndani kabisa. Na nikawashwa zaidi.

Wakati huo nilijua kuchora ua la haragi na sehemu zake zote kwenye ubao. Ua nililijua, lakini mwili wangu sikuujua. Miaka mingi kisha, nikiwa na mimba ya kwanza, nilimwambia mkunga kwa haya kwamba «nina uchafu mwingi». Aliniuliza: «Jicho lako lina maji. Mdomo wako una mate. Hayo ni uchafu?» Nikasema hapana. Akasema: «Basi na hayo mengine vilevile.» Jibu lake lilikuwa fupi hivyo tu, na mimi nilikuwa nimelibebea haya tangu nikiwa na miaka 13.

Angalieni hata majina tunayotumia. Kwa Kiswahili tunasema «uchafu ukeni». Kwa Kifaransa wanasema «pertes blanches», kama vile mwanamke anapoteza kitu. Mtoto akisikia majina hayo, ataona haya kabla hajaelewa. Kiswahili kina neno zuri zaidi: ute. Tunasema ute wa yai, na hakuna anayemchukia kuku. Tuseme ute, ao unyevu.

Unyevu unatoka wapi, na unafanya nini?

Njia ya uzazi ya mwanamke haikauki kama ngozi ya mkono. Kuta zake hutoa maji kidogo, na mlango wa kizazi hutoa ute. Vyote hushuka polepole, vikibeba chembe za ngozi zilizozeeka. Hivyo ndivyo mahali pale panajisafisha penyewe. Kwa mwanamke ambaye angali anapata hedhi, unyevu wa siku moja unaweza kufika karibu kijiko kimoja cha chai. Mmoja anapata zaidi, mwingine kidogo. Wote ni wazima.

Ndani ya unyevu ule wanaishi bakteria wazuri. Ni wa ukoo mmoja na wale wanaogandisha maziwa kuwa mashanza. Kama vile mashanza yanavyokuwa na uchachu, wale bakteria pia wanatengeneza asidi, na asidi hiyo inazuia vijidudu vibaya kuzaana. Kwa hiyo harufu chachu kidogo ni ya kawaida. Ni harufu ya mlinzi akiwa kazini.

Unyevu ukikauka kwenye nguo, unageuka rangi ya manjano hafifu. Hilo pia ni kawaida. Na kama nguo yako nyeusi imepauka katikati, ni ile asidi iliyoondoa rangi. Nguo haikuoza, na wewe hukuoza.

Unabadilika siku kwa siku

Hedhi ikiisha, wanawake wengi hupata siku chache za ukavu. Kisha ute unaanza, mzito kidogo na mweupe. Siku za katikati, yai linapokaribia kutoka, unakuwa mwingi, mwangavu, unateleza na kuvutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi. Yai likishatoka, unarudi kuwa mzito, ao unapungua mpaka hedhi nyingine. Yai hutoka karibu siku 14 mbele ya hedhi inayofuata. Zile siku za ute unaovutika ndizo siku ambazo mwanamke anaweza kushika mimba kwa urahisi. Anayetafuta mtoto aziangalie. Anayetaka kupumzika asitegemee kuangalia peke yake, aende kituo cha afya kufundishwa vizuri, ao kuchagua njia nyingine ya uzazi wa mpango.

Kuna nyakati nyingine ambazo unyevu hubadilika:

Mtoto mchanga wa kike anaweza kutoa ute mweupe katika siku zake za kwanza, hata tone la damu. Ni homoni za mama alizotoka nazo tumboni. Unapita wenyewe.

Msichana huanza kupata unyevu miezi kadhaa mbele ya hedhi ya kwanza, mara nyingi kati ya miezi 6 na mwaka mmoja. Kwa yule mwanafunzi wangu, unyevu ulikuwa tangazo kwamba hedhi inakuja. Mama angejua, angenunua kitambaa kizuri na kumfundisha. Kwa kutojua, alichukua fimbo.

Mama mwenye mimba hupata unyevu mwingi zaidi. Lakini maji mengi mepesi yakimwagika ao kuendelea kutiririka, huenda chupa ya maji imepasuka. Hapo usingoje, nenda uzazi.

Mama anayenyonyesha anaweza kukauka, na mama ambaye hedhi imekoma vilevile. Homoni zimepungua. Haina maana kwamba hampendi bwana yake.

Na kitandani?

Nitasema kwa heshima. Mama mmoja wa likelemba yetu alinivuta pembeni akanieleza kwamba bwana wake amemwambia: «Wewe una maji mengi kama mwanamke aliyezoea wanaume.» Alikuwa tayari ametenga franka kununua unga wa shabu sokoni ili kujikausha.

Wamama, mwili wa mwanamke ukiwa tayari kwa bwana yake, kuta za njia ya uzazi hutoa maji. Ni kama mate yanavyojaa mdomoni ukisikia harufu ya samaki inakaangwa. Maji yale yanalinda ngozi isichubuke. Hayahesabu wanaume. Bikira anayo, mama wa watoto 9 anayo.

Tena fikirini jambo hili. Katika sehemu fulani za inchi yetu, na kule kusini mpaka Zambia, kuna desturi ya kujikausha kwa majani, unga ao kitambaa, kwa sababu watu husema mwanamke mzuri ni mkavu. Lakini ng'ambo ya Ruzizi, kwa jirani zetu Wanyarwanda, desturi ya wazee inamsifu mwanamke mwenye maji mengi, na wasichana hufundishwa kutoona haya. Mwili ni uleule. Aibu ya upande mmoja ni sifa ya upande mwingine, na kati yao kuna mto tu. Basi aibu ile haikutoka katika mwili. Tuliivalishwa.

Kujikausha kuna hatari. Ngozi iliyokauka inapasuka vipande vidogo ambavyo macho hayaoni, na kwa njia hiyo virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa huingia kwa urahisi. Kama kuna kondomu, nayo hupasuka haraka mahali pakavu. Yule mama, franka zake alinunua mafuta ya kupikia, na karatasi hii ataiacha mezani mahali ambapo bwana anaweka simu yake.

Kuosha: kidogo kinatosha

Nje, osha kwa maji safi mara moja ao mbili kwa siku. Kama unataka sabuni, iwe laini na kidogo, nje tu, kisha suuza. Ndani usiingize kitu: wala sabuni, wala kidole chenye kitambaa, wala chumvi, ndimu, shabu, tumbaku, dawa ya meno, ao dawa ya kuua vijidudu ya kusafishia vidonda. Vitu hivi vinaua wale bakteria wazuri. Mlinzi akiuawa, wezi wanaingia. Ndiyo sababu mwanamke anayejiosha sana ndani mara nyingi ndiye anayepata harufu mbaya, na akisikia harufu anaosha tena. Ni shimo ambalo nilikaa ndani yake miaka mitatu.

Ukitoka chooni, jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na ufundishe binti hivyo tangu akiwa mdogo. Nguo ya ndani iwe ya pamba ukiweza. Ianike kwenye jua. Ukiona haya ya majirani, tandika kikwembe chepesi juu yake, jua litapita. Usiivae ikiwa mbichi.

Ninajua bei ya maji katika mitaa yetu, na ninajua kilima cha kupandisha bidoni. Ndiyo maana nasema kwa furaha: kazi hii haihitaji maji mengi wala dawa ya kununua.

Lini uende kituo cha afya?

Kusema kwamba unyevu ni wa kawaida haina maana kwamba kila kitu ni cha kawaida. Jifunze wako kwanza, kusudi ukibadilika utambue. Nenda ukiona moja ya mambo haya:

– Ute mzito wenye mabonge, kama jibini iliyovunjwavunjwa, pamoja na kuwashwa sana. Mara nyingi ni kuvu. Huja pia kisha kumeza antibiotiki, ao wakati wa mimba, ao kwa mwenye ugonjwa wa sukari.

– Maji ya kijivu yenye harufu ya samaki. Wale bakteria wazuri wamepungua.

– Maji ya manjano ao kijani, yenye povu ao harufu kali. Huenda ni ugonjwa wa zinaa, na bwana pia atibiwe, kama sivyo utarudi.

– Maumivu chini ya tumbo, homa, kuungua wakati wa kukojoa, ao vidonda.

– Damu kisha tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, ao damu kwa mama ambaye hedhi ilikoma. Usikawie hapa, kwani saratani ya mlango wa kizazi huanza bila kelele.

– Mkojo ao choo kinachovuja chenyewe mchana na usiku, zaidi sana kisha uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu. Huo si unyevu, ni fistula, yaani tundu. Mama, si laana, na inashonwa. Hapa Bukavu, Hospitali ya Panzi, ambayo daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, inajulikana dunia nzima kwa kazi hiyo. Kama unamjua mama anayejificha nyumbani juu ya harufu ya mkojo, mpelekee habari hii leo.

– Mtoto mdogo, ambaye mwili wake haujaanza kukomaa, akiwa na maji yenye harufu ao damu. Usimchape na usimsugue. Labda ni maambukizi, labda ameingiza kitu akicheza, labda mtu amemtendea ubaya. Mpeleke mara moja, mkiongea naye kwa upole. Kama kuna wasiwasi wa kubakwa, afike kabla ya saa 72 kuisha, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inapaswa kuanza ndani ya muda huo. Hata muda ukipita, apelekwe tu, kuna matunzo mengine.

Na tafadhali, tuache kununua vidonge viwili vitatu vya antibiotiki kwa kukisia, ao kufungua kapsuli na kuiweka ndani. Kila ugonjwa hapo juu una dawa yake, na dawa ya mmoja inaweza kuongeza mwingine.

Yule mama na binti yake

Tulienda pamoja kituo cha afya, siku ya Jumamosi. Muuguzi alimwangalia mtoto akasema hana ugonjwa, ila ngozi imechomwa na ndimu. Maji safi tu, na siku chache za kupumzika. Kisha mama, ambaye alikuwa amekuja kwa ajili ya mtoto, akauliza polepole kama anaweza kuangaliwa naye. Alikuwa anajiosha kwa chumvi tangu ndoa yake, miaka 15. Kila mara tendo la ndoa lilimwumiza, na alifikiri ndivyo ilivyo kwa wanawake wote.

Tulipokuwa tunarudi, tulipanda kilima bila kuongea. Karibu na nyumba yao, mama alisimama. Akamwambia binti yake mbele yangu: «Nilikuchapa bure. Unisamehe.» Sijawahi kusikia mzazi wa kwetu akimwambia mtoto hivyo barabarani. Mtoto hakujibu kitu, alichukua tu mfuko wa mama yake akaubeba.

Amerudi masomoni. Sweta bado anaifunga siku nyingine, na mimi simsemeshi juu yake. Aibu iliyoingia kwa fimbo haitoki kwa siku moja. Benchi ya mbele iko wazi, siku atakayoitaka ataikalia.

Kazi ya wiki hii

Mimi ni mwalimu, siwezi kumaliza bila kuwapa kazi ya nyumbani. Ni mbili tu.

Ya kwanza ni kwa mama mwenye binti wa miaka 9 mpaka 13. Mwite mkiwa peke yenu, labda mkifua ao mkipika, na umwambie maneno haya ao yanayofanana nayo: «Siku moja utaona ute kwenye nguo yako. Ni mwili wako unakua. Hedhi itafuata kisha miezi. Ukiona, njoo uniambie, nitafurahi.» Neno «nitafurahi» usilisahau.

Ya pili ni kwa vikundi. Katika mkutano wenu unaofuata, kabla ya kuhesabu franka za likelemba, mama mmoja asome sehemu ya «Lini uende kituo cha afya?» kwa sauti, wote wasikie, na wale wasiojua kusoma pia. Msiulizane nani ana nini. Anayehitaji atajijua mwenyewe, na ataenda.

Wiki ijayo tutaongea juu ya kitambaa cha hedhi: namna ya kukishona, kukifua na kukianika. Leteni vipande vya vikwembe vilivyochakaa.

Mbaki na amani nyumbani mwenu.

Mwalimu wenu